Komeo Amefeli

Matokeo yalipotoka, wa kwanza kuyajua alikuwa Redio, na jambo likishamfikia Redio basi limemfikia kila mtu. Wauguzi wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Alikuja mbio kutoka korido ya utawala, simu mkononi, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Komeo! Dada yangu, wamekukata!"

Komeo alikuwa ameinama juu ya mkono wa mzee mmoja, akitafuta mshipa. Hakuinua kichwa. Akaupata mshipa, akabandika plasta, akatazama dripu inavyodondoka, akamwonya mzee asikunje kiwiko, ndipo akageuka.

"Wamenikata nini?"

"Umefeli. Maandishi umepasua, vitendo umeanguka. Na ukianguka vitendo, umeanguka vyote."

Chumba kizima cha dharura kilisikia. Mzee wa dripu akasema pole mwanangu. Komeo akavua glavu, akazitupa, akanawa mikono polepole mno, maana alijua akifungua mdomo wakati ule atamtukana mtu asiye na kosa.

Kwa nini liliuma hivyo? Kwa sababu hospitali ile ilikuwa na desturi moja ya kipumbavu iliyoitwa mzunguko. Kila baada ya miezi kadhaa wauguzi walichanganywa kama karata. Wa meno alipelekwa wodi ya wazazi, wa wazazi akapelekwa chanjo, wa chanjo akatupwa dharura. Muuguzi akishajua kumtambua kwa macho tu mtu ambaye moyo wake unataka kugoma, anahamishwa akapime watoto uzito, na anayeletwa badala yake hajaona damu ya maana tangu atoke chuoni. Kwa hiyo mahali ambapo mtu huletwa roho ikiwa kooni, ndipo palipokuwa siku zote mikononi mwa wanaojifunza. Ukimuuliza mkurugenzi, alikuwa na jibu moja tu. Muuguzi ni muuguzi.

Komeo aliukwepa mzunguko kwa miaka. Aligombana, alibadilishana zamu, na safari moja alijifungia chooni hadi muuguzi mkuu akachoka kumtafuta. Aliipenda dharura, basi. Wapo wanaopenda mgonjwa aliyelala, anayeamka na kusalimia. Yeye alipenda ule mlango unaposukumwa na hakuna ajuaye kinachoingia. Lakini safari hii kujificha kusingesaidia. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuipanga hospitali daraja, na moja ya masharti yao ni kwamba kitengo cha dharura kishikwe na muuguzi mwenye cheti cha ubobezi wa fani hiyo. Mkurugenzi akatangaza: mwenye cheti atabaki na kukiongoza kitengo, wengine wote mzunguko kama kawaida. Redio akasema karatasi haijawahi kumfufua mtu. Komeo akacheka pamoja na wengine, kisha akaenda kimyakimya kujiandikisha.

Alisoma kama mwehu. Alisoma jikoni, alisoma kwenye foleni ya benki, alimkera mumewe kwa kumpima mapigo ya moyo kila walipokaa kutazama taarifa ya habari. Na mtihani wa maandishi, kama alivyosema Redio, aliupasua. Kilichomwangusha kilikuwa chumba kimoja kidogo chenye kitanda, mwanasesere wa mpira wa ukubwa wa mtu mzima, msimamizi aliyekaa pembeni na kalamu, na mama mmoja mtahini aliyekuwa akiigiza mke wa mgonjwa. Mwanasesere moyo umesimama. Mke analia, anashika reli ya kitanda.

Na hapo Komeo akafanya alichokuwa akikifanya kila siku ya Mungu. Jina lake lenyewe lilitokana na jambo hilo. Alimshika yule mama mkono, kwa adabu lakini kwa nguvu, akamwambia, "Ndugu wa mgonjwa nje, mama, tuachie nafasi," akamtoa, akafunga mlango, akasukuma komeo. Kisha akarudi kitandani akafanya kazi safi kabisa. Alikandamiza kifua kwa kina kinachotakiwa, alipuliza hewa, alishtua moyo, alitaja dawa na vipimo vyake bila kukwama. Mtahini alikuwa nje anagonga. Aligonga hadi muda ukaisha.

Mkurugenzi alimwita siku hiyohiyo. Ofisi yake ilikuwa na zulia na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa tu mtu aliyesoma hesabu za majengo na vitanda akadhani amesoma hospitali.

"Pole, sista," akasema. "Lakini hili dogo. Aliyekianzisha hicho chama cha wauguzi wa dharura kinachowatahini, si mama yako mkubwa?"

"Ni yeye, ndiyo."

"Basi. Apige simu. Wakuongezee hizo alama, yaishe. Wakaguzi wanaingia Jumatatu."

"Na asipopiga?"

"Atakosaje kupiga? Wewe si damu yake?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Bila cheti sina namna, sista. Nina nafasi kliniki ya macho. Kule kumetulia, utapumzika."

Komeo akatoka akiwa na ghadhabu ya aina mbili. Alimkasirikia mkurugenzi kwa kuiita kliniki ya macho mapumziko, maana kule nako watu wanafanya kazi. Aliwakasirikia zaidi watahini. Mgonjwa wao si aliokoka? Walitaka nini tena, wachezewe ngoma?

Mama mkubwa alikuwa akipiga pasi alipofika. Alishastaafu zamani, magoti yamemchoka, lakini shuka zake bado alizikunja kona kali za wodini, na ole wako uzikalie.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Umefeli."

"Nani kakwambia?"

"Redio amepiga. Keti. Si hapo, shuka hizo."

Komeo hakuketi. Alieleza yote akiwa amesimama: kifua, hewa, mashine, dawa, moyo wa mgonjwa kurudi. Alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa na uhakika. Mama mkubwa akamwacha amalize, akageuza shuka upande wa pili.

"Mwanangu, mle ndani mlikuwa na nani?"

"Mgonjwa, msimamizi, na huyo mke."

"Mgonjwa ni mpira. Msimamizi hana jina kwenye swali. Aliyekuwa mtu mle ndani ni mmoja, ana moyo, ana macho, analia. Huyo ndiye uliyemtupa nje."

"Kila mtu anawatoa ndugu! Wanaanguka, wanapiga kelele, wanashika mirija!"

"Wengine ndiyo, unawatoa. Yule alishika mrija gani? Alishika reli ya kitanda. Ulimuuliza kama anataka kubaki? Ulimweka mtu wa kusimama naye amweleze? Ulifunga mlango kwa sababu mkono wako umezoea kufunga mlango."

Komeo akaona mambo hayaendi alikotaka, akaja moja kwa moja. "Mama, wanataka kunipeleka macho. Mimi dharura ndiyo maisha yangu, unajua. Piga simu moja tu. Undugu si kufaana?"

"Ndivyo ninavyokufaa."

"Kunifaa kwa kuninyima?"

Mama mkubwa akaisimamisha pasi. Sasa alikuwa amekasirika, na akikasirika alikuwa na mdomo kuliko mpwa wake. Damu ni damu.

"Wewe unajua cheti hiki kilitoka wapi? Hujui. Mmekikuta kimeshaiva. Enzi zetu dharura ilikuwa jela. Muuguzi akimjibu matroni, adhabu yake dharura. Akikataa kumfulia daktari koti, dharura. Kwa hiyo tulijazana wakorofi watupu mle ndani, na wakorofi tukaanza kuijua kazi. Tukaenda Baraza la Wauguzi kuomba itambuliwe kuwa fani yenye mtihani wake. Wakatucheka. Wakasema wa moyo wana moyo, wa figo wana figo, nyinyi mna kiungo gani? Dharura ni mlango tu."

"Mkasemaje?"

"Tukasema sawa, ni mlango. Na huo moyo wenu na hizo figo zenu zinaingilia wapi, dirishani?"

Komeo alitaka kucheka, akajizuia, kwa sababu alikuwa amekuja kugombana.

"Tukatunga mtihani wenyewe, mezani kwangu, hapo unapopaegemea. Sheria ilikuwa moja. Kila mmoja alete mgonjwa aliyemshinda. Si aliyemwokoa, aliyemshinda. Huyo ndiye awe swali. Hilo swali la mke lilitoka kwa mwenzetu mmoja, Mungu amrehemu, alilileta akilia, na tuligombana juu yake wiki nzima. Baraza wakatuuliza, nani atawatahini nyinyi? Kinyozi hajinyoi. Tukabadilishana. Waliotunga maswali ya moyo wakafanya ya kuungua, waliotunga ya kuungua wakafanya ya sumu. Tulipomaliza kusahihisha, nusu yetu tulikuwa tumefeli."

"Tulikuwa?"

"Mimi nilikuwa mwenyekiti, na nilifeli. Ya kuungua. Nilikosea maji ya kumpa mtoto aliyeungua, ningemzamisha mapafu. Wenzangu wakasema mwenyekiti, tujipe tu, mtihani ni wetu, nani atajua? Nikawaambia, mtihani ambao mwenyewe hawezi kuufeli si mtihani, ni sherehe. Nikapeleka majina barazani, langu likiwa kwenye waliofeli. Siku hiyo ndiyo waliacha kutucheka. Hawakukubali kwa sababu tulifaulu, mwanangu. Walikubali kwa sababu tulifeli tukasema."

Akaichukua pasi yake. "Sasa unataka nipige simu nikutoe kwenye orodha niliyokuwamo mimi. Sipigi."

Komeo aliondoka bila kunywa hata maji, na geti alilibamiza makusudi ili lisikike. Hakuwa ameshawishika. Watu wanadhani ukiambiwa neno la busara unalainika palepale. Yeye njia nzima alikuwa anatunga majibu ambayo angempa mama mkubwa kama angekuwa hodari wa kujibu kwa wakati.

Ijumaa ilikuwa zamu yake ya mwisho kabla ya wakaguzi. Ilikuwa saa za asubuhi, jua limepiga dirisha, mapokezi yamejaa. Mlango ukasukumwa na kitanda cha magurudumu, juu yake fundi magari mmoja wa makamo, ovaroli yake na grisi yake, uso umekuwa wa majivu. Alikuwa amedondoka chini ya gari alilokuwa analitengeneza. Mkewe alikuwa ameng'ang'ania kitanda, kiatu kimoja hana.

Komeo aliruka, akaanza kazi, na mkono wake mmoja ukaenda kumshika yule mke. Ulikwenda wenyewe. Ulikuwa tayari umemgusa bega alipogundua kwamba haukutumwa. Mwanamke akamtazama. Hakupiga kelele, hakushika mrija, alishika reli ya kitanda.

"Unataka kubaki?" Komeo akauliza. Lilimtoka kwa ukali kama anagomba, maana hakuwahi kumwuliza mtu swali hilo.

"Ndiyo."

"Redio! Simama na huyu mama. Mweleze kila tunachofanya. Usimwache."

Na Redio, ambaye miaka yote walimwomba anyamaze, akapata kazi ya mdomo wake. Alisimama na yule mama karibu na miguu ya mumewe na kumweleza kwa sauti ya chini. Sasa wanamkandamiza kifua ili damu itembee. Sasa hiyo ni hewa. Sasa watasema tuachie kitanda, nasi tutaachia kidogo, mashine ipige, kisha utamshika tena. Haya, mshike sasa. Mama akaushika mguu wa mumewe, kwenye kisigino, juu ya soksi, na hakuuachia.

Walimpigania kwa muda mrefu. Walibadilishana kukandamiza hadi jasho likawatiririka, daktari akaongeza dawa, mashine ikapiga na kupiga tena. Fundi hakurudi. Daktari alipotaka kusema saa ya kifo alimtazama kwanza mke, na mke akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alikuwa ameona. Hakuna aliyehitaji kutoka nje kwenda kwenye benchi la ndugu kumwambia maneno yale yanayoanza na "tumejitahidi."

"Nimeona mlivyohangaika naye," mama akasema. "Nilikuwa nimemshika."

Komeo alikwenda chumba cha dawa, akafunga mlango, akalia. Alimlilia fundi, ndiyo, lakini zaidi aliwalilia wale wote wa kwenye benchi, wake na wana na mama za watu, aliowatoa kwa adabu na kwa nguvu na kusifiwa kwa hilo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna namna nyingine. Nani angemwambia? Muuguzi mkuu alimsifu kwa kuweka chumba safi, madaktari walimsifu, mkurugenzi alimpa tuzo ya mfanyakazi bora na kikombe cha chai. Mtu wa kwanza kumwambia kwamba amekosea alikuwa mama mmoja aliyelipiwa nauli aje kuigiza kulia mbele ya mpira. Kufeli kwake kulikuwa haki. Jambo hilo lilimuuma, na lilimpa nguvu kwa namna ambayo hakuitarajia.

Jumatatu wakaguzi wakaja, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na vishikwambi vyao. Hospitali ilikuwa inanuka rangi mbichi. Mkurugenzi aliwapitisha kila mahali akitabasamu, na walipofika dharura alimshika Komeo bega kama mtoto wake wa kwanza. Hakuwa amemwuliza kama simu imepigwa. Kwake yeye hakukuwa na mtu duniani mwenye mama mkubwa mwanzilishi akaacha kumtumia.

"Na huyu ndiye mkuu wa kitengo," akasema. "Muuguzi wetu bobezi wa dharura, mwenye cheti."

Hapo palikuwa na njia rahisi, nayo ilikuwa kunyamaza. Wakaguzi walikuwa tayari wanageukia mashine ya oksijeni.

"Sina cheti," Komeo akasema.

Mkurugenzi akacheka. "Sista ana utani."

"Sina utani. Nilifanya mtihani nikafeli."

Mkaguzi mwanamke akainua macho. "Ulifeli nini?"

"Nilimfungia mke wa mgonjwa nje bila kumwuliza. Nimekuwa nikiwafungia hapa miaka yote, na hapa nilikuwa nasifiwa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mtihani ndio ulioniuliza." Akamsogelea yule mkaguzi. "Kwa hiyo nimefeli kwa haki, na nitarudia. Na mkitaka kuandika ukweli, andikeni kwamba hospitali hii haina muuguzi wa dharura hata mmoja. Ina wauguzi wanaopitishwa dharura kwa mzunguko, wakishaijua kazi wanaondolewa. Mimi nimebaki kwa kujificha chooni."

Mkaguzi aliandika. Aliandika kwa muda, na kila alipogusa kioo cha kishikwambi chake mkurugenzi alikuwa kama anachomwa sindano. Mchana huohuo Komeo alikabidhiwa barua ya uhamisho. Kliniki ya macho, kuanzia saa ile.

Aliikunja barua, akachukua kikombe chake, akapanda ngazi kichwa juu. Wapo waliomwonea huruma kwenye korido na wapo waliomwita mjinga waziwazi. Mjinga gani anakataa ukuu aliopewa bure? Yeye aliwajibu wote kwa salamu, kwa sauti kubwa, ili wasidhani anatambaa.

Kule macho alifanya kazi yake sawasawa, maana haikuwa kosa la macho ya watu. Aliwaonyesha wazee herufi ukutani, aliwatia matone, alijifunza mengi asiyoyajua. Mchana, saa ya chakula, aliketi kwenye benchi la kliniki na vitabu vyake. Siku moja Redio akaja akakaa pembeni yake.

"Lile swali la ndugu wa mgonjwa," akasema, huku akitazama pembeni. "Linajibiwaje hasa?"

"Si ulilijibu wewe mwenyewe kwa yule mke wa fundi?"

"Nililijibu kwa bahati. Nataka kulijua."

Yeye aliyesema karatasi haijamfufua mtu! Komeo alimtania hadi akachoka, kisha akafungua kitabu. Kesho yake Redio alikuja na wenzake wawili wa dharura. Wiki iliyofuata benchi lilikuwa limejaa, na wagonjwa wa macho, waliokuwa wamefunikwa pamba machoni wakisubiri dawa iwakolee, walikuwa wakiwasaidia kujibu. Bibi mmoja alikuwa tayari anajua hatua zote za kumpa huduma mtu aliyekunywa sumu.

Mkurugenzi aliwakuta pale. "Mnafanya nini huku?"

"Tunasoma," akasema Komeo.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ni saa ya chakula, mkurugenzi. Wenzetu wanakula."

Akawatazama mmoja mmoja, akaondoka. Taarifa ya wakaguzi ilikuwa imeshamfikia, na haikuwa taarifa ya kumpa mtu usingizi. Kitengo cha dharura hakikupewa daraja lolote. Watarudi, waliandika, na watakapokuja wanataka kuona muuguzi mwenye cheti, na wanataka kujua mzunguko umefikia wapi.

Mtihani wa pili Komeo alifanya pamoja na wanne wa benchini. Matokeo yalipotoka hakuna aliyekuja mbio koridoni. Ilibidi Komeo aitwe ofisini ndipo ayajue.

"Umefaulu, hongera sana," mkurugenzi akasema, na kwa kweli alikuwa amefurahi. Alikuwa na wakaguzi wanaorudi. "Wenzako watatu pia. Yule mnayemwita Redio ameanguka. Basi wewe unarudi chini leo kuwa mkuu wa kitengo, hao watatu wanabaki kulekule, na yeye anakuja macho kushika nafasi yako. Umeona? Nimekubali hoja yako. Mwenye cheti anabaki."

Komeo alikuwa ameshasimama ili ashuke. Ndoo ya kiyoyozi ilikuwa imejaa, maji yanaingia kwenye zulia. Alitamani kushuka zile ngazi kuliko kitu kingine chochote duniani, na miguu yake ilikuwa imeshaanza.

"Basi sirudi," akasema.

"Unasemaje?"

"Aliyefeli anabaki dharura, anarudia. Hata mimi nilisema mbele ya wakaguzi kwamba nitarudia. Ukiwafukuza wanaofeli, nani atathubutu kufanya? Watakaa na makosa yao kimya, kama nilivyokaa mimi."

"Sista, unanipangia kazi? Cheti umekipata jana!"

"Ningekipata zamani, mkurugenzi, kama ulivyotaka wewe. Simu moja tu." Akakaa tena kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, kama mtu mwenye muda wote. "Mimi macho kumetulia. Napumzika."

Mkurugenzi akazungumza kwa muda mrefu, akataja nidhamu, akataja utovu wa shukrani, akataja kalenda. Komeo alimsikiliza kwa heshima zote. Mwishowe mkurugenzi akachukua kalamu, akafuta jina moja, la Redio, kwenye ratiba ya mzunguko kwa mkwaruzo uliokaribia kutoboa karatasi.

"Shuka basi! Na huyo abaki hukohuko!"

Alimkuta Redio chumba cha dawa, amekaa juu ya katoni la dripu, kimya. Kimya chake kilitisha kuliko kelele zake. Alikuwa amekwisha kukusanya kikombe chake na koti lake.

"Nimefeli, dada."

"Nimesikia. Swali lipi?"

"Walisema sikumwacha mgonjwa ajibu. Nilimwuliza unaumwa wapi, nikamjibia mwenyewe."

Komeo alicheka hadi akashika rafu, naye Redio akajaribu kukasirika, ikamshinda. Nje king'ora cha gari la wagonjwa kilikuwa kinakaribia, na walinzi wanaita watu wapishe.

"Nimeambiwa nipande macho," Redio akasema.

"Hupandi popote."

"Lakini nimefeli."

"Wamefeli wakubwa zaidi yako. Utarudia." Akamtupia boksi la glavu, naye mwenyewe akaelekea mlangoni kupokea. "Vaa. Na huyu anayekuja, mwache aongee."